Bafa Isiyorudi

"Irudishe nyuma," Inspekta alisema.

Meneja wa ghala alishusha pumzi, akabonyeza kitufe. Kwenye skrini akatokea tena fundi wa majokofu, kaipa kamera mgongo, mfuko begani, akipita kwenye korido ya vyumba vya baridi. Akafungua mlango wa nyuma, akatoka, mlango ukajifunga. Korido ikabaki tupu. Inspekta akaashiria picha zikimbizwe mbele. Saa iliyo pembeni mwa skrini ikatimua mbio, jana mchana ikawa jioni, jioni ikawa usiku, kukapambazuka, na hata panya hakupita.

"Umejionea mwenyewe, afande," Meneja alisema. "Mtu katoka, hakurudi. Unamtafuta ndani ya nini, ndani ya viazi?"

Ghala lilikuwa la mbegu za viazi. Vyumba vyake vya baridi vilipangana upande mmoja wa korido, kila kimoja na mlango wa chuma mnene kama godoro, na mashine juu yake zikinguruma mchana na usiku. Jana hakukuwa na mzigo wa kuingia wala wa kutoka. Ndani alikuwamo fundi peke yake, na mlinzi mmoja mbele.

Mlinzi huyo sasa alikuwa ameketi sakafuni kwenye kona ya chumba hiki hiki cha skrini, pingu mikononi. Inspekta ndiye aliyemtia pingu hizo. Mzee alikula kiapo kwamba usiku kucha alizunguka na kuipita korido ile si mara moja wala mbili, na picha haikumwonyesha hata mara moja. Kisha kofia ya kampuni ikaokotwa kando ya machimbo ya mawe yaliyojaa maji, nyuma ya ghala, na watu wakakumbuka kwamba mzee na fundi walikuwa hawasalimiani. Mkuu wa kituo akaunganisha hili na lile. Mlinzi angepelekwa mahakamani mchana huu kwa mauaji, na askari wote, pamoja na Inspekta, walitakiwa machimboni kabla mvua haijaanza kumwagika.

Simu yake iliita. Alikuwa Mkuu.

"Bado uko huko unaangalia sinema?"

"Nakuja, mkuu."

Akatoka. Langoni, juu ya benchi la wageni, alikuwapo mke wa fundi. Alikuwa amekaa hapo tangu jana usiku, khanga imemlowa umande, na chai aliyopewa na askari ilikuwa imepoa mbele yake bila kuguswa.

"Dada, twende machimboni," Inspekta alimwambia. "Ukikaa hapa haisaidii."

"Kule nikafanye nini? Mume wangu hayuko kule."

"Kofia yake imeokotwa."

"Kofia hizo kagawiwa kila mtu humu, mpaka wapakiaji. Yake iko nyumbani, nimeiacha juu ya kabati." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kurudia maneno yale yale. "Nimewaambia nyote. Jana alikuja nyumbani mchana, akala akiwa amesimama, akachukua koti lake zito. Akasema mpini wa ndani umeng'oka kwenye chumba kimoja, ametoka kununua springi, anarudi kuufunga. Mtu anayemkimbia mkewe hachukui koti la kazini."

"Picha zinaonyesha hakurudi."

"Picha hazijaolewa naye."

Inspekta alisimama. Alimwangalia mwanamke yule, halafu akaangalia jengo. Kisha akageuka na kurudi ndani kwa hatua za haraka, mpaka Meneja aliyekuwa akizima taa akashtuka.

"Nionyeshe leo asubuhi," alisema. "Pale tulipopita mimi na wewe."

"Tulipopita wapi?"

"Koridoni. Ulinipeleka kuona mlango wa nyuma, kabla hatujafunga utepe. Nionyeshe."

Meneja akatafuta. Saa ikafika asubuhi. Korido ilikuwa tupu. Akasogeza mbele kidogo, akarudi nyuma kidogo. Tupu.

"Hapa ulikuwa unanionyesha kitasa," Inspekta alisema. "Mimi niko wapi?"

Meneja alikodoa macho mbele ya skrini kama mtu anayetafuta uzi sindanoni. "Labda kamera imechoka asubuhi hii. Jana ilikuwa nzima."

"Saa inatembea vizuri tu."

"Nilisema nilipita," mlinzi alisema kutoka sakafuni. "Mkaniambia nimelala."

"Mzee, nyamaza," Meneja alisema.

"Asinyamaze," Inspekta alisema. "Nani alitengeneza mtambo huu?"

Waliotengeneza walikuwa juu, ghorofa ya pili, kwenye meza waliyopewa na ghala mpaka kazi iishe. Waliletwa wote wawili. Wa kwanza alikuwa mtu wa mwili, mwenye kuyapima maneno kabla ya kuyatoa, na watu walimwita Mzito. Wa pili alikuwa mwembamba, macho hayatulii, akiitwa Kipanga, naye alikuwa amemwoa dada wa Mzito. Walikuja wakibishana kabla hata hawajaulizwa.

"Nilikuambia, shemeji, tuijaribu mwezi mzima kwanza," Mzito alisema.

"Usinianze, shem. Mimi changu kinafanya kazi."

"Kaeni," Inspekta alisema. "Picha imeganda na saa inatembea. Nataka kujua imeganda tangu lini. Kama ni leo tu, yule mtu yuko nje na nakwenda machimboni. Kama ni tangu jana, huenda yuko humu ndani, na kila dakika mnayobishana ni yake."

Wakakaa.

"Kuna mtu kaingia akapandikiza picha ya zamani," Kipanga alisema, akimtupia jicho Meneja. "Hiyo kazi ya mtaalamu. Mtu mwenye jambo la kuficha."

"Unaniangalia mimi kwa nini? Mimi hata barua pepe nasomewa."

"Tuanze na mtambo wenyewe, kama haujaguswa na mtu," Inspekta alisema. "Unafanyaje kazi? Semeni kama mnamwambia mama yenu."

Mzito akaeleza. Ghala lilikuwa na kamera kadhaa, lakini programu ya kuhifadhi picha iliweza kuongea na kamera moja tu. Basi yeye akaandika kiendeshi, programu inayojifanya kamera. Kamera ile haipo, huwezi kuigusa. Inazipokea picha za kamera zote, inazipanga, na kumkabidhi anayehifadhi. Anayehifadhi ni programu ya Kipanga.

"Inazikabidhi vipi?"

"Ndani ya bafa. Ni nafasi za kubebea, zinapanga foleni. Tupu zina foleni yake, zilizojaa zina foleni yake. Ziko chache, zinazunguka tu."

"Kama kreti za viazi."

"Kama kreti."

"Na amri za kuzungusha hizo kreti zimeelezwa mahali?"

Mzito akasita. "Ndiyo kazi niliyokuwa nayo wiki hii. Kuandika maelezo, ili mwingine akija asipotee. Kipanga yeye alitumia ya awali, mistari mifupi tu." Akafungua kompyuta yake, akaigeuza upande wa Inspekta.

Inspekta akasoma kwa sauti. "WEKA: huweka bafa iliyojaa mwisho wa foleni. CHUKUA: hurudisha bafa iliyo mbele ya foleni. ACHIA: huachia bafa." Akainua kichwa. "Huachia kwa nani?"

"Kwa foleni ya tupu. Inaeleweka."

"Kwako." Akarudi kwenye mstari wa katikati, akaukazia macho. Kisha akamwambia Mzito atoke nje, asimame mlangoni, asisikilize. Mzito akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake.

"Wewe," Inspekta alimgeukia Kipanga. "CHUKUA hurudisha bafa. Maana yake nini?"

"Si imeandikwa? Inairudisha. Nikiita CHUKUA naiona picha, halafu bafa inarudishwa kwenye foleni ya tupu. Yenyewe."

"Una uhakika?"

"Hurudisha ni hurudisha, afande. Ukimwambia mtoto rudisha sahani, anairudisha ilikotoka. Kiswahili hicho hicho."

"Mwite mwenzako."

Mzito akaingia. Inspekta akamuuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale.

"Inampa aliyeiita," Mzito alijibu. "Ukiita amri, inakurudishia jibu. CHUKUA inakurudishia bafa. Unaondoka nayo mkononi."

"Na nani anaipeleka kwenye tupu?"

"Yeye aliyeichukua. Akimaliza anaita ACHIA."

Uso wa Kipanga ulibadilika taratibu, kama mtu aliyekumbuka akiwa njiani kwamba ameacha jiko linawaka.

"Mimi naita ACHIA," alisema. "Naita. Nikishahifadhi picha, naita."

"Kwa nini, kama uliamini inarudi yenyewe?"

"Nilidhani ni ya kufuta picha. Naiachia picha niliyokwisha kuihifadhi."

"Na usipoihifadhi?"

"Picha isiyo na jipya siihifadhi. Ikifanana na iliyotangulia naipita, kuokoa nafasi. Hapo hakuna cha kufuta, kwa hiyo..."

"Meneja," Inspekta alisema, "nataka kreti chache na viazi."

"Viazi vya mbegu hivyo, afande, vina dawa."

"Hatuvipiki."

Zikaletwa kreti nne kutoka mlango wa pili. Inspekta akazipanga zikiwa tupu miguuni kwa Mzito, akampa mfuko wa viazi. "Wewe ni kamera. Kila kiazi ni picha. Wewe Kipanga ni mhifadhi. Fanyeni kama programu zenu zinavyofanya, si kama mlivyotaka zifanye. Fundi ametoka sasa hivi. Korido imetulia."

Mzito akatia kiazi kwenye kreti, akaisukuma mbele. "Korido tupu."

Kipanga akaivuta, akachungulia. "Hii ina jipya, mlango umefungwa. Nahifadhi. ACHIA." Akamrudishia kreti.

"Korido tupu," Mzito alisema tena, akisukuma nyingine.

"Haina jipya. Naipita." Kipanga akaiweka kando ya mguu wake.

"Korido tupu."

"Haina jipya."

"Korido tupu."

"Naipita."

Ikaja ya mwisho, nayo ikaishia pale pale kando ya mguu wa Kipanga. Mzito alibaki ameinama na kiazi mkononi, akitafuta pa kukitia. Mbele yake palikuwa sakafu tupu.

"Endelea," Inspekta alisema.

"Siwezi. Sina kreti."

"Mzee, simama. Pita hapo katikati yao."

Mlinzi akajiinua kwa shida, akapita kati ya wanaume wale wawili na pingu zake, polepole, kama anavyopita mtu aliyechoka kazini. Alipofika mwisho akageuka.

"Mtie kwenye picha," Inspekta alimwambia Mzito.

"Sina kreti, afande."

"Skrini inaonyesha nini sasa?"

"Picha ya mwisho iliyotoka. Kiendeshi kikikosa picha mpya kinarudia ile ya mwisho." Mzito alijifuta uso kwa kiganja. "Niliifanya hivyo ili skrini isiwe nyeusi. Wateja hawapendi skrini nyeusi."

"Na saa?"

"Saa naipiga mimi juu ya picha," Kipanga alisema kwa sauti ndogo. "Picha yoyote inayonifikia, hata ikiwa ni ile ile."

"Mbona siku nyingine haigandi?"

"Siku za kazi korido haitulii, watu wanapita, picha zina jipya, kreti zinarudi," Mzito alisema. "Na kila zamu mlinzi anazima na kuwasha. Ikiwaka, kila kitu kinaanza upya."

"Mimi niliwasha jana nilipoingia," mlinzi alisema. "Fundi alikuwa bado humu. Kisha mkanikamata, nani angewasha tena?"

"Korido ikitulia, inachukua muda gani kreti kuisha?"

Mzito alizitazama zile kreti miguuni pa shemeji yake.

"Kunywa kikombe cha chai," alisema.

Simu ya Inspekta ikaanza kuita tena. Aliitazama, akaizima.

"Basi tangu mgongo wake ulipotoka mlango ule, tunachungulia picha moja," alisema. "Angeweza kurudi na bendi ya matarumbeta tusimwone. Meneja, mpini wa chumba gani umeng'oka?"

"Hakuna mpini uliong'oka, afande. Huyo mama amechanganyikiwa."

"Sijamtaja mama yeyote."

Meneja akageukia skrini.

"Chumba gani?"

"Cha mwisho. Lakini ni kitupu kile, kinapozwa kwa mzigo wa kesho. Kimefungwa. Hakuna mtu anayeweza kuwa..."

"Asubuhi tulisimama mbele yake. Kwa nini hukusema?"

"Mkaguzi alishasema chumba kisicho na mpini wa ndani kisiwashwe. Ningesema, wangenifungia ghala zima. Watu wana mizigo yao humu."

"Funguo."

"Anazo fundi. Zote. Ndiyo maana nilifikiri ameziiba."

"Ya akiba iko shingoni mwa Meneja mwenyewe," mlinzi alisema. "Chini ya shati. Huwa anaoga nayo."

Inspekta hakungoja. Alinyoosha mkono, Meneja akaivua mwenyewe kamba yenye ufunguo, ikamnasa sikioni. Wakatoka mbio, Inspekta mbele, Mzito nyuma yake akihema, Kipanga, na mzee na pingu zake. Utepe wa polisi ulikatika kifuani mwa Inspekta. Nyuma yao kulisikika miguu mitupu ikikimbia juu ya saruji. Mke wa fundi alikuwa ameona watu wakikimbia, na hakuhitaji kuambiwa.

Mlango wa mwisho ulikuwa mweupe, mkavu, hauna alama. Inspekta aliupiga kwa ngumi, akatega sikio. Mashine zilinguruma. Akapiga tena. Ufunguo ukakataa, akautoa, akaupangusa kwenye suruali, akauingiza upya. Ukazunguka. Mzito akautia bega mlango, ukaachia kwa sauti kama ya kizibo.

Baridi iliwapiga usoni. Ndani palikuwa giza tii. Inspekta akawasha tochi ya simu, akamulika: ukuta mtupu, mbao za kupangia mizigo, ukuta mtupu.

"Fundi," aliita.



Akamulika nyuma ya mlango. Bisibisi ilikuwa sakafuni, ncha yake imevunjika. Kando yake palikuwa na springi mpya, bado ina mafuta ya dukani. Rangi ya mlango kwa ndani ilikuwa imechunwa mpaka chuma, kuanzia usawa wa kifua kushuka chini, na chini kabisa mikwaruzo ilikuwa hafifu, ya mtu aliyekuwa akikwaruza ameketi.

"Mungu wangu," Kipanga alisema.

"Magunia," mlinzi alisema. "Kule."

Kwenye kona, nyuma ya mbao, kulikuwa na lundo la magunia matupu. Mzito alifika wa kwanza. Akayatupa moja moja, na chini yake akatokea mtu aliyejikunja kama mtoto, koti limefungwa mpaka kidevuni, midomo imekuwa rangi ya jivu. Mzito alirudi nyuma, akajigonga ukutani, akabaki hapo.

Inspekta alipiga magoti. Akaweka vidole viwili chini ya taya. Hakusikia kitu. Akavipuliza vidole vyake mwenyewe, vilikuwa vimekufa ganzi, akavirudisha, akafumba macho ili asikie vizuri.

"Afande?" Meneja aliuliza kutoka mlangoni.

"Nyamaza."

Alisubiri. Kitu kilipiga chini ya vidole. Akasubiri tena, muda mrefu mpaka akahisi amejidanganya, kikapiga tena.

"Yupo," alisema. "Ita gari la hospitali. Zima hizo mashine. Msimsugue, mnyanyueni polepole, kama yai."

Wakamtoa. Mzito na Kipanga walimbeba, shemeji kwa shemeji, hakuna aliyemlaumu mwenzake, wakamlaza kwenye korido juu ya makoti yao. Mke wake aliwasukuma wote, akafungua khanga, akalala kando yake pale pale sakafuni, akamfunika na kujifunika naye, kifua kwa kifua. Inspekta akachukua redio ya askari wa langoni na kuwaambia walioko machimboni watoke majini, kisha akamfungua mzee pingu bila kumtazama usoni.

"Pole, mzee," alisema.

Mzee alijisugua vifundo vya mikono.

Chini, kope za fundi zilicheza. Mdomo wake ukafunguka kidogo, ukajaribu kutengeneza neno, ukashindwa, ukajaribu tena. Ilionekana ana jambo analotaka kulieleza, pengine la mpini, pengine la mlango, pengine alitaka kujua ni saa ngapi.

"Shii," mke wake alimwambia sikioni. "Wewe pumua tu. Ya kusema nitasema mimi, na ninayo mengi."

Akapumua.

"Tena," akamwambia.